Bisibisi Iliyochelewesha Biriani ya Idi

Ukikaa Magongo, kando ya uwanja wa ndege wa Mombasa, unazoea kukatizwa. Ndege ikishuka, mwenye neno hulimeza. Ikishapita, hulitoa pale pale lilipokatikia. Mgeni hudhani sisi ni watu wa adabu, tunaopeana nafasi ya kusema. Kumbe tunangoja abiria wa Nairobi wafike salama ili ugomvi uendelee.

Binti yetu, kifungua mimba, alikulia chini ya ngurumo hiyo. Kabla hajajua kusoma alikuwa akizipambanua ndege kwa sikio: hii ya watalii, hii ya Nairobi, ile helikopta ya wanajeshi. Kwa hiyo jioni aliyoweka gazeti juu ya mkeka, ukurasa wa tangazo la usajili wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ukiwa juu, akasema anataka kuingia Jeshi la Wanahewa, mimi sikushtuka. Walioshtuka ni wote waliobaki, na kwetu waliobaki ni wengi. Yuko Nyanya, mamangu mzazi, ambaye ndiye serikali. Yuko mama yao, anayeshika fedha na funguo za kabati. Yuko dadangu, shangazi yao, ambaye huja kututazama kwa siku moja na huondoka sukari ikiisha. Na yuko shemeji yangu, mjomba wa watoto, fundi hodari wa vitu visivyoharibika.

Tangazo likasomwa kwa sauti, maana kwetu hakuna kusoma kimya. Umri miaka 18 hadi 26. Fundi mwenye cheti huongezewa mpaka 30. Urefu usipungue meta 1.60. Uzito, wanaume kilo 54.55, wanawake kilo 50. Mwanamke asiwe mjamzito siku ya kusajiliwa wala wakati wa mafunzo. Sharti hilo la mwisho shangazi alilisoma mara mbili, na mara ya pili alimtazama kijana wa jirani aliyekuja kuomba barafu.

Milango ilikuwa mitatu. Wa kwanza ni wa kadeti, anayekwenda chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, kusomea uafisa. Mlango huo unataka B ya kidato cha nne, na binti yetu alipata C+. Wa pili ni wa kurutu wa kawaida, anayepelekwa Eldoret kupigishwa kwata, halafu jeshi lenyewe ndilo humgawa: nchi kavu, wanahewa au wanamaji. Wa tatu ni wa fundi, anayeingia na cheti chake mkononi. Naye alikuwa katikati ya masomo ya umeme katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini, cheti bado. Basi shauri likawa na vichwa viwili: aende au asiende, na akienda, aende kufanya nini.

Kichwa cha kwanza Nyanya alikikata hapo hapo.

"Mwanahewa nshamuona mimi," alisema. "Si wa kuhadithiwa."

Tukajua tumefika 1982. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli Nairobi, wakikaa Eastleigh, si mbali na kambi ya wanahewa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Agosti, Nyanya aliwasha redio akidhani atasikia nyimbo, akamsikia Leonard Mambo Mbotela, sauti aliyoizoea kwenye matangazo ya mpira, akitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mbotela alisomeshwa tangazo lile kwa mtutu wa bunduki, lakini Nyanya hakujua. "Nikamwambia babu yenu, kama Mbotela asema, basi ni kweli." Ndege za kivita zikapita juu ya mji, watu wakavunja maduka. Jirani yao alirudi na gunia la viatu, akamwaga chumbani, vyote vya mguu wa kushoto, maana madukani kiatu kimoja ndicho kinachowekwa nje. Mpaka Nyanya anahama Nairobi, jirani yule alikuwa bado anaulizia mtu aliyebeba vya kulia.

Mapinduzi hayakumaliza siku. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha senior private tu, alitorokea Tanzania kwa ndege, akarudishwa, na 1987 akanyongwa. Jeshi la Wanahewa likavunjwa, likaundwa upya kwa jina jingine, na halikurudishiwa jina lake mpaka 1994. Serikali ya Kenya ililisamehe mwaka huo. Serikali ya nyumbani kwetu ilikuwa bado inatafakari.

Binti hakubishana. Alitoa simu, akamwonyesha Nyanya picha ya mwanamke aliyevaa magwanda, nishani kifuani. "Huyu ni Meja Jenerali Fatuma Ahmed, Nyanya. 2024 alifanywa kamanda wa wanahewa wote. Mwanamke wa kwanza Kenya kuongoza tawi zima la jeshi. Aliingia jeshini 1983, mwaka mmoja baada ya hivyo viatu."

Nyanya akaishika simu mbali, akaisogeza karibu, akauliza: "Ahmed wa wapi?" Alipokosa kumpata katika koo azijuazo, alirudisha simu, akasema maneno ambayo kwetu ndiyo huwa mwanzo wa ndiyo: "Nitafikiri."

Mama yao hakuwa na 1982. Alikuwa na Aprili 2024. Tarehe 18 mwezi huo helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet, ikamuua Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, pamoja na wanajeshi wenzake tisa. Ogolla mwenyewe alikuwa mwanahewa, rubani wa ndege za kivita tangu ujana wake. Tulitazama mazishi yake Siaya kwenye televisheni, akizikwa bila jeneza kama alivyousia, na mama yao alilia kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Sasa alisimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Kama helikopta haikumwogopa Mkuu wa Majeshi, itamwogopa mwanangu?"

Ndege ikapita. Iliposhuka, kila mtu alikuwa ameshapata jawabu lake, nalo lilikuwa ni kumchagulia kazi.

Mama yao alitaka muuguzi au mpishi, kwa hoja kwamba sufuria hairuki. Shangazi alitaka rubani, na alipoambiwa C+ haifiki huko, alisema basi chochote cha kuvaa miwani myeusi. Mimi nilisema stoo. Nimekula umri wangu bandarini Kilindini nikiwa karani wa kuhesabu mizigo, na sijaona kazi yenye heshima kuliko kusimama na daftari huku wenye misuli wakikungoja uwaambie imetimia au haikutimia. Mjomba alisema injini, na kwamba yeye mwenyewe atamfundisha. Nyanya alisema akienda, awe yule anayefungua na kufunga lango la kambi, ili siku wenzake wakitaka kupindua tena awe ndiye wa kwanza kutoka.

Binti alitueleza tusiyoyauliza. Ndege moja inayoruka dakika chache hutanguliwa na watu wengi walioishika saa nzima: fundi wa injini, fundi wa bodi, fundi wa umeme na vyombo vya rubani, wa redio, wa silaha, wa miamvuli, wa kutia mafuta, zimamoto, mtabiri wa hali ya hewa, na wanaoiongoza kutoka mnarani. Wengi wa wanahewa, alisema, hawaruki kabisa. Neno hilo lilimfanya mama yao ateremshe mwiko. Akauliza kama kuna kambi karibu. Kambi kubwa ni Eastleigh na Laikipia, kule Nanyuki kwenye baridi, lakini kituo kingine kiko hapa hapa uwanjani, ng'ambo ya ua. Kuanzia hapo mama yao alizungumza kana kwamba mtoto anapelekwa ng'ambo ya ua, na chakula cha mchana atarudi kula nyumbani.

Nyanya alikuwa bado anafikiri, lakini maandalizi hayakumngoja. Uzito ndio uliotuanzia taabu. Mizani ya duka la dawa ilisema kilo 48. Mjomba alisema ya dawa hupunja, akampeleka kwa mnunua vyuma chakavu, ambako alipanda juu ya mizani katikati ya redieta mbili akaambiwa 52, na bei yake kwa kilo. Muuza samaki alimpa 46, maana mizani yake imezoea kusema kidogo. Mama yao akasema hana haja ya mizani, ana jiko. Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi kwa samaki wa kupaka, usiku muhogo wa nazi, na kabla ya kulala maziwa. Mwezi ulipokwisha binti alikuwa ameongeza kilo moja. Mimi nilikuwa nimeongeza zaidi, maana kilichobaki hakikutupwa.

Alfajiri alikimbia barabara ya Port Reitz. Mjomba alimfuata nyuma kumlinda, akiwa na msuli na fimbo. Vijana wa bodaboda waliona msichana anakimbia gizani na mwanamume mzima anamkimbiza na fimbo. Ikachukua ushahidi wa binti mwenyewe na wa muuza chai kumrudisha mjomba nyumbani, na msuli ulirudi baadaye.

Kisha akaja jamaa. Hakuna usajili wa makurutu usio na jamaa. Huyu alikuwa rafiki wa mjomba, ana mtu, na mtu huyo ana mtu, na wa mwisho ndiye anayeandika majina. Kulitakiwa pesa kidogo ya kuanzia na nyingi ya kumalizia. Mjomba aliwasilisha jambo hili baada ya sala ya Isha, kwa sauti ya chini, akimwangalia Nyanya, kwa sababu wote tunajua kwamba chini ya godoro la Nyanya kuna pesa za sanda na za Maulidi. Binti alifungua lile gazeti, akasoma mwisho wa tangazo: usajili ni bure, na anayetoa hongo na anayepokea wote hushtakiwa.

Mjomba alisema hayo huandikwa tu. Nyanya akatafuna tambuu yake taratibu. "Huyo jamaa yako ana watoto?"

"Anao. Kijana wake mkubwa rika moja na huyu."

"Yuko jeshi gani?"

Mjomba alikuwa mkweli, hilo nampa. Kijana wa jamaa alikuwa anaendesha tuktuk ya watu, Magongo mpaka Mjini. Nyanya alitema tambuu, akaenda kulala juu ya pesa zake.

Baada ya fedheha hii ndipo mjomba alipoamua kuirudisha heshima yake kwa njia ya ufundi. Feni ya sebuleni, ile ya darini, ilikuwa imelegea kasi tangu Ramadhani kuanza. Ikiwa imewashwa, ungeweza kuhesabu mapanga yake. Binti alisema ni kapasita kimechoka. Kinunuliwe kipya dukani, kibadilishwe, basi. Mjomba alisema mtu hawi fundi wa ndege kwa kubadilisha kapasita. Feni na injini ya ndege, alisema, ni ndugu. Ishushwe, ifunguliwe, mtoto aone mashine ndani, huo ndio mtihani wake. Siku ya mtihani ikawa Idi Mosi, asubuhi, tuliporudi kutoka kuswali, wageni wakitarajiwa mchana na biriani ikiwa jikoni.

Basi feni ikashushwa. Mjomba alifungua, akaitandaza kwenye mkeka, akamwonyesha binti beringi, akamwonyesha nyaya za shaba, akatia mafuta pasipohitaji na kupangusa pasipo vumbi. Binti alikaa pembeni na sahani ya kahawa. Kila skrubu iliyotoka aliiweka sahanini, na kila chombo kilichochukuliwa alikiandika nyuma ya bahasha ya kadi ya harusi. Spana ndogo, koleo, bisibisi nyota, bisibisi bapa, tepu. Mjomba alicheka, akauliza kama anaandika mahari. Feni ikafungwa tena, ikapandishwa, na binti akatia kapasita kipya alichokuwa amekwisha kinunua kimyakimya kwa pesa zake. Mjomba akashuka ngazi, akapangusa mikono, akaelekea kwenye swichi.

Wakati huo wageni walishafika. Mzee wa msikiti wetu alikuwa ameshakaa chini ya feni akiwa na kanzu iliyomganda mgongoni. Shangazi alikuwa anajipepea na sinia. Sufuria ya biriani ilikuwa tayari jikoni, kifuniko kimewekewa makaa.

"Usiwashe, Mjomba," binti alisema. "Bisibisi bapa haipo."

"Itaonekana tu."

"Ionekane kwanza."

Akasimama mbele ya swichi. Hakupandisha sauti; alishika bahasha yake tu, na vitu vinne kati ya vitano vilikuwa vimetiwa alama. Mzee alisema, mwanangu, bisibisi ni ya shilingi ngapi, tutakununulia mbili. Binti akasema, "Shikamoo, babu, niwie radhi, siwezi." Mama yao aliita kutoka jikoni kwamba wali unakauka. Mjomba alisema huyu hajaingia jeshi keshaanza amri. Ndipo msako ukaanza, kwa sababu ilionekana ndiyo njia fupi ya kufika kwenye chakula. Makochi yakageuzwa. Tukapata meno ya bandia ya babu aliyekufa zamani, funguo za kabati tulilokwisha liuza, na noti ambayo shangazi aliitambua kuwa yake kabla hatujaona ni ya ngapi. Nyanya alisimamishwa, akakung'utwa, akakalishwa. Kila mtu alitazama chini, na hakuna aliyetazama juu ila binti.

Alichukua kioo cha mamake cha kujipodolea, akakifunga kwa ile tepu kwenye mpini wa ufagio, akapanda ngazi nusu, akakipitisha juu ya mapanga ya feni. Bisibisi ilikuwa imelala juu ya panga la tatu, pale mjomba alipoiweka alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho. Ncha yake ilikuwa upande wa Mzee.

Palikuwa kimya, na safari hii si kwa ajili ya ndege. Mzee alisoma dua fupi, akahama kiti. Ndipo binti, akiwa bado juu ya ngazi, alipotueleza alichokisoma chuoni. Katika karakana ya ndege kila spana ina pahali pake ubaoni, na umbo lake limechorwa nyuma yake, ili ikikosekana kivuli chake kipige kelele. Zamu haiishi mpaka vyote virudi, na ndege ambayo chombo kimepotea karibu nayo hairuki hata kama anayeingoja ni jenerali. Fundi hutia sahihi kwa kazi aliyoifanya, na mwenzake huikagua. Tarehe 25 Julai 2000, nje kidogo ya Paris, ndege ya Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege iliyotangulia. Tairi likapasuka, vipande vikapiga tangi la mafuta, na watu 113 wakafa, wa ndani na wa chini. Kipande chenyewe kilikuwa chembamba kama rula ya mtoto wa shule.

Akashuka, akatia alama ya tano kwenye bahasha, akawasha. Feni ilizunguka mpaka pazia likainuka na noti ya shangazi ikaruka. Kapasita ndicho kilichokuwa ugonjwa, lakini hakuna aliyelisema mbele ya mjomba, maana ilikuwa Idi.

Biriani ilikuwa imeshika chini. Tulikula ukoko wake kwa adabu, na ilikuwa katikati ya ukoko Nyanya alipotoa hukumu. Alisema wale wa 1982 hawakuwa na mtu kama huyu mlangoni, wa kuwaambia kwanza tuhesabu. Aende. Lakini asiende mikono mitupu akagawiwa kama sadaka. Amalize cheti chake, aingie kwa mlango wa mafundi, na akae kwenye nyaya na vyombo. Rubani na apatikane wa nyumba nyingine. Mama yao alisema tabia hiyo ya kuhesabu imetoka kwao, kwa babu yake aliyekuwa nahodha wa jahazi. Mimi niliyehesabu mizigo Kilindini nilitazama sahani yangu. Mjomba alisema kwamba, ukitazama vizuri, yeye ndiye aliyempa mtihani.

Sasa yuko muhula wa mwisho, na mizani ya duka la dawa imekubali kilo 51. Tangazo lijalo likitoka ana haki ya mlango wa tatu. Wakimkataa, cheti ni chake, na feni za Magongo hazitaisha leo. Kwa sasa jeshi limeingia nyumbani. Kuna ubao ukutani, vyombo vyote vimechorwa vivuli vyake, na pembeni kuna daftari na kalamu imefungwa kwa uzi. Mama yao naye amechora visu na miiko yake jikoni. Anayechukua huandika jina, saa na sababu. Juzi nilihitaji koleo kunyoosha waya wa antena, nikalikuta halipo. Daftari lilionyesha limechukuliwa na Nyanya, kwa kidole gumba, sababu: kuvunjia popoo. Nilikwenda kulidai. Aliniuliza kama nimeandika ombi.